Nchi na Watu wa Mungu: Safari ya Kaskazini kwa Wasami



Ninyi mnaoufuata ukurasa huu mwajua desturi yetu. Kila mwezi twafunga safari pasipo kulipa nauli: baba ameketi, mama ameketi, watoto wamesogea karibu na taa, na mmoja awasomea wengine kwa sauti. Mwezi huu safari yetu ni ya mbali sana, tena ni ya baridi. Twaenda kaskazini ya Ulaya, kupita mstari ule ambao wenye elimu ya nchi huuita Duara ya Aktiki, mpaka kwa watu waitwao Wasami. Twende tukaone kazi ya Mungu katika nchi ile, milima na wanyama na mianga ya mbinguni. Lakini zaidi twende tukasikie habari ya watu walioipokea Injili zamani kuliko sisi, na mambo yaliyowapata. Maana katika habari yao mna swali ambalo limo hata ndani ya nyumba zetu, nami nitawauliza mwisho wa safari.

Kwanza tujifunze jina, maana mgeni asiyejua jina la mwenyeji wake hana adabu. Zamani wageni waliwaita watu hawa Walapi. Wenyewe hawalipendi jina hilo, kwa kuwa lina dharau ndani yake. Hujiita Wasami, na nchi yao huiita Sápmi. Nchi hiyo haina mfalme wake wala bendi ya askari. Imekatwa na mipaka ya serikali nne, yaani Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Husemwa kwamba wao ni kiasi cha watu 80,000, na lugha zao ni kadha wa kadha, hata Msami wa kusini na Msami wa kaskazini hawasikilizani wakisema kila mtu kwa lugha ya kwao. Katika Norwei, Uswidi na Ufini wana mabaraza yao ya kuchagua wenyewe. La Norwei lilifunguliwa 1989 katika mji wa Karasjok, na la Uswidi 1993.

Basi tuanze safari katika mji wa Stockholm, mji mkuu wa Uswidi. Wakristo wa Bukoba hawatakuwa wageni kabisa katika nchi hii, maana Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wao tangu 1961 mpaka 1964, alizaliwa katika jimbo la Västerbotten, kaskazini ya Uswidi. Twapanda gari moshi jioni. Nasema gari moshi kwa mazoea tu, maana halina moshi. Lavutwa kwa nguvu za umeme. Twalala, twaamka, na bado twaenda. Nje ni msitu, na baada ya msitu ni ziwa, na baada ya ziwa ni msitu tena. Miti yapungua urefu kadiri tuendavyo, kama watu wanaoinama kwa sababu ya upepo. Hata mchana twafika mji wa Kiruna.

Jina hili Kiruna latoka katika neno la Kisami, Giron, ambalo ni jina la ndege mfano wa kwale. Ndege huyu wakati wa kiangazi ana rangi ya mawe na majani makavu, na wakati wa baridi manyoya yake hugeuka kuwa meupe kama theluji, adui asimwone. Hata miguu yake ina manyoya, kana kwamba amevaa soksi. Nani aliyemshonea?

Chini ya mji huu mna chuma kingi mno, na kwa sababu ya kukichimba miaka zaidi ya mia, ardhi imeanza kupasuka, ikalazimu mji uhamishwe. Kanisa lao la mbao, lililojengwa 1912 kwa mfano wa hema ya Wasami, halikuvunjwa. Tarehe 19 na 20 Agosti 2025 lilibebwa zima zima, lenye uzito wa tani 672, juu ya magari yenye magurudumu mengi, likaenda kiasi cha kilometa 5 mpaka mahali pake papya, polepole kuliko mwendo wa mtoto mdogo. Maelfu ya watu walisimama kandokando ya njia wakilitazama likipita. Ni ajabu kubwa. Lakini Wasami wafugao karibu na pale waliuliza: kanisa limepata mahali papya, je, mifugo yetu itapita wapi?  Kwa maana Januari 2023 yalitangazwa madini mengine karibu na mji, nayo yako katika njia ambayo wanyama wao huipitia kila mwaka kwenda malishoni na kurudi. Tulikumbuke neno hilo, tutalirudia.

Kutoka Kiruna twaenda tena kwa gari moshi, kiasi cha kilometa 100, mpaka Abisko. Reli hii ilimalizika 1902, ikapita milimani mpaka bahari ya Norwei. Abisko ni bustani ya taifa tangu 1909, moja ya zile za kwanza katika Ulaya. Pana ziwa refu liitwalo Torneträsk, na mbele yake milima miwili yenye bonde katikati, limechongwa na barafu ya zamani likawa mviringo kama chombo cha kukogea. Mvua na theluji ni chache hapa kuliko sehemu nyingine za nchi, na mbingu huwa wazi mara nyingi. Kwa hiyo wasafiri huja wakati wa baridi kuitazama mianga ya kaskazini. Ni mwanga wa kijani, pengine wenye wekundu, unaotandazwa mbinguni kama kanga inayopeperushwa na upepo, pasipo sauti. Wenye elimu wasema chembe zitokazo katika jua huigonga hewa iliyo juu sana, nayo hewa hung'aa. Wazee wa Kisami waliwafundisha watoto wao wasiipigie mluzi wala kuifanyia mzaha mianga hiyo, bali wanyamaze. Mimi naona amri hiyo ya kunyamaza ni njema hata kwa Mkristo.

Sasa jambo litakalowashangaza watoto. Sisi Waswahili twahesabu saa tangu jua kuchomoza: likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja baadaye ni saa moja. Hesabu hii yetu ingefanya nini katika Abisko? Tangu mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai jua halitui kabisa. Saa sita usiku mtu aweza kusoma barua nje pasipo taa. Na katika Desemba jua halionekani hata kidogo, ila mwanga wa buluu kama wa alfajiri, saa chache tu, kisha giza. Sababu yake ni kwamba dunia yetu imeinama kidogo katika kuzunguka kwake, na ncha yake ya kaskazini mara huelekea jua, mara hulipa kisogo. Kwetu karibu na mstari wa Ikweta mchana na usiku ni kama ndugu wawili waliogawana urithi sawasawa. Kule mmoja huchukua yote, kisha mwenzake naye huchukua yote.

Wakati wa kiangazi katika misitu midogo ya Abisko, yenye miti ya magome meupe, husikika wimbo laini unaoshuka kama maji. Mwimbaji ni ndege mdogo wa rangi ya kijani na manjano hafifu, uzito wake ni kiasi cha gramu 10, hata hauzidi uzito wa sarafu mbili. Theluji ikikaribia, ndege huyu huondoka akaja Afrika, na hao wa kaskazini ya Uswidi huja hasa mashariki na kusini ya Afrika. Huvuka kiasi cha kilometa 8,000, hana ramani wala kiongozi. Labda mmoja wao amepata kutua katika mti wa mwarobaini uani kwako, nawe hukujua kwamba ni mgeni aliyetoka kwa Wasami.

Wanyama wengine ni dubu, tai wa dhahabu, na mbweha mweupe. Mbweha huyu karibu amalizwe na wawindaji kwa ajili ya ngozi yake nzuri. Uswidi ilikataza kumwinda 1928, Norwei 1930, Ufini 1940. Na hata leo bado ni wachache katika nchi hizo. Ni rahisi kumaliza. Kurudisha ni kazi ya vizazi.

Lakini mnyama aliye mkuu katika maisha ya Wasami ni kulungu wa kaskazini, waitwaye kwa lugha yao boazu. Ni mnyama mwenye umbo la kulungu mkubwa, na pembe zenye matawi. Katika jamaa yote ya wanyama hawa, yeye peke yake ndiye ambaye jike pia huota pembe; tena dume huziangusha pembe zake kabla ya katikati ya majira ya baridi, na jike mwenye mimba hubaki nazo mpaka karibu na kuzaa, katika Mei, apate kulinda mahali pa kulia. Kwato zake ni pana, hazizami katika theluji, na akitembea hutoa sauti ya kualika, kama mtu anayealisha vidole. Macho yake nayo hubadilika: kiangazi ndani yake ni rangi ya dhahabu, na wakati wa giza huwa buluu, apate kuona katika mwanga mdogo. Chakula chake wakati wa baridi ni mmea mweupe mfano wa sifongo uotao chini, naye huufukua kwa kwato kutoka chini ya theluji.

Si Wasami wote wafugao. Walio wengi ni wavuvi, walimu, mafundi, wauguzi, watu wa kazi zote. Lakini katika Uswidi haki ya kufuga wanyama hawa ni yao peke yao, na wanyama ni kiasi cha 250,000. Mwaka wao wauhesabu kwa majira manane, si manne, maana mnyama ndiye kalenda yao. Kila ndama hutiwa alama masikioni kwa kisu, nayo alama hiyo imeandikwa kwa jina la mwenyewe. Mfugaji mzoefu huiona alama hiyo hata mnyama akipita mbio.

Mgeni akifika kwao asiulize, "Una wanyama wangapi?" Ni kama kumwuliza mtu, "Una fedha ngapi katika benki?" Wamasai na wafugaji wetu wengine watacheka wakisikia hayo, kwa kuwa wao pia hawapendi mtu awahesabie ng'ombe wao. Tena mgeni asiwakimbilie wanyama kuwapiga picha, hasa katika majira ya kuzaa. Mama akishtuka aweza kumwacha mwanawe. Asinunue kitu cha ukumbusho pasipo kuuliza nani aliyekitengeneza, maana wako watu wasio Wasami ambao huvaa mavazi ya Wasami ili wapate fedha za wageni. Kazi za mikono zilizo za kweli huwa na alama ya Sámi Duodji, iliyoanza 1982. Vazi lao, liitwalo gákti, si nguo ya mchezo. Mwenye kujua akiliona huitambua nchi ya mvaaji, na pengine hata jamaa yake.

Taabu yao ya siku hizi ni hali ya hewa. Nchi za Aktiki zazidi kupata joto upesi kuliko sehemu nyingine za dunia. Mtu wa kwetu aweza kudhani ya kuwa joto ni neema kwa watu wa baridi. Sivyo. Katikati ya majira ya baridi yaja mvua badala ya theluji, kisha baridi yarudi, na maji yale yageuka kuwa kigae cha barafu juu ya malisho. Mnyama asikia harufu ya chakula chini ya miguu yake, akifukua asiweze kukifikia, akafa kwa njaa. Ukiongeza na migodi, na barabara, na misitu iliyokatwa, utaelewa kwa nini walilitazama kanisa lile likipita, wakaiwaza njia ya mifugo yao.

Sasa tugeuke kusini kidogo mpaka Jokkmokk, mji mdogo ulio juu kidogo ya Duara ya Aktiki. Kila mwaka mwanzoni mwa Februari pana gulio kubwa la wakati wa baridi, lililoanzishwa kwa amri ya mfalme 1605. Wageni wengi huja kununua ngozi, visu na nyama iliyokaushwa. Lakini mfalme hakuweka gulio hilo kwa ajili ya biashara tu. Alitaka Wasami wakutanike mahali pamoja, wahesabiwe, walipe kodi, wasikie hukumu, na wafundishwe dini. Basi kwa Msami, kanisa na kodi na mahakama vilimjia siku moja, katika mlango mmoja. Hapo ndipo penye mzizi wa habari niliyotaka kuwapa.

Katika mji huu pana nyumba ya makumbusho iitwayo Ájtte, maana yake ghala ya akiba. Humo huwekwa ngoma za zamani za Wasami. Ngoma hizo si kama zetu za kuchezea harusini. Ni ndogo, mtu huishika kwa mkono mmoja, na juu ya ngozi yake yamechorwa kwa maji mekundu ya gome la mti mambo mengi: jua, wanyama, mashua, watu, pengine hata kanisa. Mtu wao aliyejua siri, aitwaye noaidi, aliipiga kwa nyundo ya pembe ili kuuliza mambo yaliyofichika. Zilizobaki duniani ni kiasi cha 70 tu. Nyingine zote zilikwenda wapi? Zilichukuliwa, zikachomwa moto, au zilipelekwa kuwa vitu vya ajabu katika nyumba za wakuu.

Mwaka 1693, katika Arjeplog, alichomwa moto mzee mmoja wa Kisami, Lars Nilsson. Mjukuu wake alikuwa amekufa maji, naye mzee alikutwa amepiga magoti na ngoma yake, akiomba mtoto arudi. Serikali na kanisa vilimhukumu kufa, na ngoma yake ikachomwa pamoja naye. Wapenzi wangu, sisi hatuamini ya kwamba ngoma yaweza kumfufua mtoto. Lakini ni nani kati yetu aliyemzika mtoto asiyejua kilichokuwa moyoni mwa mzee yule? Hapo palitakiwa mchungaji wa kuketi naye chini na kulia naye. Waliokuja walikuwa na kuni.

Upande wa Norwei, karibu na Vadsø, mzee mwingine, Anders Poulsen, alikamatwa Desemba 1691 kwa sababu ya ngoma yake. Alihojiwa Februari 1692, akaeleza mbele ya mahakama maana ya kila picha. Kabla ya hukumu kuja, mtu mmoja alimwua kwa shoka. Ngoma yake ilipelekwa Denmark, ikakaa huko karne nyingi.

Msidhani kwamba Injili haikuwafikia Wasami ila kwa moto. Walikuwako watu walioketi na kujifunza lugha yao. Mwaka 1619 vilipigwa chapa vitabu vya kwanza vya Kisami, kimoja cha kufundishia kusoma na kimoja cha ibada. Agano Jipya kwa Wasami wa Uswidi lilitoka 1755, na katika Kisami cha kaskazini Biblia nzima ilitoka 1895.

Na alikuwako Lars Levi Laestadius. Alizaliwa 1800, na kwa upande wa mama yake alikuwa na damu ya Kisami. Tangu 1826 alikuwa mchungaji wa Karesuando, mahali pa mbali sana. Alikuwa mjuzi wa mimea, na ua moja la milimani laitwa kwa jina lake mpaka leo. Lakini watu wake walikuwa wakiangamia kwa pombe kali, ambayo wafanya biashara waliwaletea ili wawanyang'anye ngozi na nyama kwa bei ya bure. Yeye alihubiri, nao hawakusikia. Katika mwanzo wa 1844, akikagua makanisa huko Åsele, alikutana na mwanamke wa Kisami aliyeitwa Milla Clementsdotter. Mwanamke huyu maskini alimweleza jinsi alivyotafuta amani ya Mungu mpaka akaipata. Na mchungaji mwenye elimu, mwenye nishani ya Ufaransa kwa ujuzi wake, alikiri baadaye kwamba kwa maneno ya mwanamke yule ndipo alipoiona njia. Akarudi Karesuando mtu mwingine. Akahubiri kwa lugha za watu, kwa mifano ya theluji na wanyama na mbwa mwitu, na uamsho ukaenea milimani. Watu waliacha pombe, wakalipa madeni, wakarudisha vilivyoibwa.

Huo ni utukufu. Lakini tuseme kweli yote. Uamsho huo nao uliihesabu kuwa dhambi ile nyimbo ya Wasami iitwayo joiku. Joiku ni nyimbo fupi, mara nyingi haina maneno mengi. Msami hasemi kwamba ameimba juu ya mtu. Husema amemjoiku mtu, kana kwamba amemleta hapo alipo kwa sauti. Mama humpa mtoto joiku yake, kama sisi tumpavyo jina. Kwa kuwa ilisikika kwa walevi, na kwa kuwa ilikuwa na asili ya zamani, ilikatazwa yote pia. Kisha zikaja shule. Katika Norwei watoto walitiwa katika shule za bweni wasiseme lugha yao. Katika Uswidi sheria ya 1913 iliwatenga watoto wa wafugaji katika shule za namna yao, zenye mafunzo pungufu, kwa kudhani kwamba Msami asipate elimu nyingi asije akaacha mifugo. Na kanisa ndilo lililosimamia. Tena mifupa ya wafu wao ilifukuliwa ikapimwa na wataalamu. Mwaka 2019 mafuvu na mifupa ya watu 25 ilirudishwa Lycksele ikazikwa tena.

Hivyo Msami aliambiwa mambo mawili kwa kinywa kimoja: Njoo kwa Kristo, na, Acha kuwa Msami. Wengi hawakujua tena kuyatenga. Wako waliobaki Wakristo na kuificha lugha yao kwa watoto wao. Wako waliolichukia kanisa kwa sababu ya mambo hayo. Na wako, si wachache, walioyashika yote mawili kwa machozi.

Tarehe 24 Novemba 2021, katika kanisa kuu la Uppsala, Askofu Mkuu Antje Jackelén alisimama mbele ya Wasami, kwa niaba ya Kanisa la Uswidi, akakiri makosa haya na kuomba radhi. Maungamo hayo yalisomwa tena Luleå 2022, katika nchi ya kaskazini. Na mwaka huo huo wa 2022 ile ngoma ya mzee Anders Poulsen ikawa mali ya Wasami wenyewe katika Karasjok, baada ya miaka 330. Si wote waliosema kwamba imetosha. Kuomba radhi ni kufungua mlango. Mtu hajaingia bado.

Basi hapa safari yetu yafika mwisho, na swali nililoahidi ndilo hili: Mtu anapomfuata Kristo, yampasa kuacha nini, na yampasa kubaki na nini?

Si swali jipya. Mitume walikutana Yerusalemu kwa ajili yake, wakaamua ya kuwa Myunani aaminiye halazimishwi kwanza kuwa Myahudi. Nasi hapa kwetu tumelijua. Wako waliohubiriwa ya kwamba kila ngoma ni ya shetani na kila jina la babu ni la kishenzi. Na wako waliofikiri kwa saburi, kama Askofu Vincent Lucas wa Masasi, ambaye badala ya kuifuta jando aliitengeneza iwe ya Kikristo, watoto wafundwe pasipo kutengwa na wazee wao. Kosa liko pande zote mbili. Yuko aachaye yasiyopasa kuachwa, akabaki kama mti uliong'olewa. Yuko ashikaye yasiyopasa kushikwa, akamwabudu Mungu mchana na kumwendea mganga usiku. Kuyapambanua hayo si kazi ya mgeni peke yake, wala si kazi ya siku moja. Ni kazi ya kanisa la mahali, pamoja na wazee wake na wanawake wake, wakiomba na kusikilizana. Laestadius alipata nuru kwa kumsikiliza Milla. Waliomchoma Lars Nilsson hawakumsikiliza mtu.

Ikiwa mmoja wenu, au mtoto wenu, atapata siku moja kufika kule kwa masomo au kwa kazi, aende kama aingiavyo mtu nyumbani kwa watu. Apige hodi. Aitazame mianga na kunyamaza. Na akiingia katika kanisa na kusikia joiku ikiimbwa mbele ya madhabahu, kama isikikavyo siku hizi mahali pengine, asishangae. Akumbuke gharama yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani jioni:

1. Ni desturi gani ya wazee wetu ambayo tuliiacha tulipobatizwa, na sasa twaona ilikuwa njema?

2. Ni desturi gani tuliyoibakiza kwa siri, nasi twajua moyoni kwamba yapasa kuachwa?

3. Watoto wetu wajua kuomba kwa lugha ya bibi yao?

Wenye majibu watuandikie, nasi tutayachapa kadiri ya nafasi. Kwaherini mpaka mwezi ujao, na amani ya Bwana ikae katika nyumba zenu.